Kisutu kilichotoka rangi ya tofali: kisa cha picha za nyumbani na skrini ya kompyuta

Shemeji yangu wa Tanga alikuwa na miezi miwili tu tangu aanze kusafisha picha nyumbani aliporudishiwa picha 12 za harusi. Mteja hakuja kwa ugomvi. Alizipanga mezani moja moja, akafungua simu yake akaiweka pembeni, akasema, "Dada, hebu angalia mwenyewe. Bibi harusi wetu si mweusi hivi, na kisutu chetu si rangi ya tofali."

Jioni ile shemeji akanipigia. "Shemeji, mimi kwenye kompyuta naziona nzuri kabisa. Zikitoka kwenye karatasi, sura zimezimika. Nimebadilisha wino, nimebadilisha karatasi. Nikiongeza mwanga, uso kwenye skrini unaungua, kwenye karatasi bado ni giza. Niambie, nani ananidanganya hapa, kompyuta au printa?"

Nilipanda basi Ijumaa, nikakaa kwake siku tatu. Kisa hiki nakieleza kwa mpangilio tulioufuata, kwa sababu katika tatizo la namna hii mpangilio ndio dawa. Makosa yalikuwa matano au sita, yamelaliana, na kila moja lilikuwa linalificha jingine. Shemeji alikuwa amegusa karibu yote kabla sijafika, ila aliyagusa kwa pamoja, ndiyo maana hakuona lipi limebadilika.

Vifaa vyake ni vile vilivyoko katika stidio nyingi za nyumbani siku hizi. Laptopu ya Windows imeunganishwa na monita ya inchi 24 iliyonunuliwa mtumba, zile zinazotoka maofisini. Printa ni ya matanki, ya karatasi za A4, rangi sita: nyeusi, saiani (bluu inayoelekea kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano, kisha saiani hafifu na majenta hafifu. Karatasi ni ya kung'aa, gramu 230. Wino ni wa chupa za bei nafuu, si wa mtengenezaji wa printa. Picha anazirekebishia Photoshop. Chumba kina dirisha moja na balbu moja ya dari, yenye mwanga wa njano.

Na picha yenyewe ilipigwa Pangani: bibi harusi amesimama mbele ya mlango wa mbao uliopakwa bluu iliyokolea, kajifunga kisutu, ile kanga ya harusi ya Pwani, mikono imejaa hina na piko. Kama mtu angekusudia kutunga picha ya kuitesa printa, asingepata bora. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe basi, na hakuna mtu wa Pwani asiyeujua wekundu wake. Ukipotea kidogo tu, bibi wa miaka themanini ataona kabla ya fundi. Ngozi ya mtu vivyo hivyo. Jicho linasamehe rangi ya majani na rangi ya ukuta, uso wa mwanao halisamehi. Ule mlango wa bluu nitaurudia mwishoni, maana una hadithi yake.

Kwanza, karatasi ya nozeli

Kabla ya kuzungumza habari za rangi nilimwomba achape karatasi ya kupimia nozeli, yaani vile vitundu vinavyotoa wino. Inachukua dakika moja. Mistari ya rangi tano ilikuwa mizima; ya majenta hafifu ilikuwa na mapengo manne.

Mapengo hayo yanaeleza mengi. Katika printa ya rangi sita, sehemu zenye mwanga, kama paji la uso, shavu na mbingu, hazitengenezwi kwa majenta nzito. Zinatengenezwa kwa ile hafifu, ili vitone visionekane. Majenta hafifu ikipungua, mashavu na kijivu huelekea kijani, huku nyekundu nzito ya nguo ikibaki salama. Shemeji alikuwa ameona huo ukijani, akaupinga ndani ya Photoshop kwa kuongeza wekundu kwenye picha nzima. Hapo akawa ameziba tundu la paa kwa kuinua sakafu.

Nikamuuliza printa inazimwaje. "Nazima ukutani, shemeji, kwenye swichi. Umeme wenyewe unavyokatika, naogopa isije ikaungua." Nia yake ilikuwa njema, lakini hicho ndicho chanzo. Printa ya wino ikizimwa kwa kitufe chake, hedi, yaani kichwa chenye nozeli, hurudi pembeni ikajifunika kwenye kizibo chake ili wino usikauke. Ukiikatia umeme ghafla inaweza kubaki wazi, na kwa joto la Tanga usiku mmoja unatosha kuanza kuziba. Tulisafisha hedi mara mbili kwa amri ya printa yenyewe, tukaiacha ipumzike hadi asubuhi. Jumamosi mistari ilitoka mizima. Nasisitiza mara mbili, kwa sababu kuna watu wanaosafisha mara kumi mfululizo. Wanamwaga wino mwingi, na wino huo unakwenda kujaza sponji la uchafu lililo chini ya printa.

Picha ya shahidi

Zamani, stidio za mashine za filamu, kila asubuhi kabla ya kazi ya mteja tulipitisha kipande cha filamu cha kupimia. Kilikuwa kimepigwa mwanga kiwandani kwa kiasi kinachojulikana. Kikitoka tofauti na jana, tulijua dawa imechoka, wala hatukumlaumu mpiga picha. Desturi hiyo imepotea nyumbani, nami naona ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo nilikwenda na faili la picha ya kupimia, ninayoiita shahidi: lina ngazi ya kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi, nyuso za watu wa ngozi mbalimbali, matunda, na vipande vya rangi zilizokolea. Thamani zake zinajulikana, na hakuna aliyelirekebisha kwa kutazama monita ya shemeji. Jambo hilo la mwisho ndilo linaloipa nguvu. Ukiichapa bila kuigusa ikatoka sawa, basi printa ni mkweli na skrini ndiyo inayokupotosha. Ikitoka vibaya, kosa liko upande wa kuchapa, na hakuna haja ya kugusa monita bado. Hapo swali la shemeji, nani ananidanganya, linapata jibu kwa karatasi moja.

Jibu letu lilikuwa: wote wawili. Tulianza na printa.

Picha ya shahidi ilitoka nzito, nyuso nyekundu-nyekundu, vivuli vimezama. Nilipofungua ukurasa wa kuchapa nikakuta Photoshop imeambiwa isimamie rangi, na imepewa profaili, yaani faili la maelezo ya rangi, ya karatasi ya kung'aa. Sawa. Lakini kwenye draiva ya printa, ile programu inayoiendesha, nako urekebishaji wa rangi ulikuwa umewashwa. Yaani rangi zinabadilishwa mara mbili. Mfano wake ni barua ya Kiarabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu wa pili akaipokea akidhani bado ni Kiarabu, akaitafsiri tena. Ama Photoshop isimamie na draiva iambiwe isiguse rangi kabisa, ama draiva isimamie na Photoshop ikae kimya. Njia zote mbili ni halali. Kuzichanganya ndiyo sumu.

Chini ya ukurasa uleule kulikuwa na kosa la pili: aina ya karatasi ilikuwa imebaki "karatasi ya kawaida". Watu hulichukulia jambo hili kama suala la kuandika jina la karatasi tu. Sivyo. Ndicho kinachoamua printa imwage wino kiasi gani na kwa vitone vya ukubwa gani. Profaili yoyote imetengenezwa kwa chaguo moja maalumu la karatasi. Ukibadilisha chaguo, profaili inakuwa inapima kitu kisichokuwepo.

Tukazima urekebishaji wa draiva, tukachagua karatasi ya picha ya kung'aa, tukachapa shahidi upya. Mwanga ukawa mzuri, nyuso zikapumua. Kijivu kilikuwa bado na doa la kijani kwa mbali, na nyekundu ilikuwa imeegemea chungwa. Nikayaacha hayo kwa muda.

Ndipo tukaichapa tena picha ya bibi harusi kwa njia ileile. Ikatoka giza.

Nilimwacha azitazame mbili hizo pamoja, kwa dakika nzima: shahidi inang'aa vizuri, bibi harusi amezama, na zote zimetoka printa moja, wino mmoja, karatasi moja. Akasema taratibu, "Basi giza liko kwenye faili langu mwenyewe."

Skrini inayowaka kama taa ya uwanja wa mpira

Monita yake ilikuwa kwenye asilimia 100 ya ung'avu, na rangi kwenye ile hali ya kukoleza. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa kali hivi, kwa sababu zinauzwa dukani kwenye taa nyingi na yenye kung'aa ndiyo inayonunuliwa. Mtu anayerekebisha picha mbele yake anaona uso una mwanga wa kutosha, kumbe mwanga ni wa taa ya skrini, si wa picha. Anauacha uso gizani, na pengine anaupunguza zaidi. Karatasi haina taa nyuma yake. Inarudisha mwanga wa chumba tu.

Hatukuwa na kipima mwanga cha skrini siku hiyo, lakini shemeji ana kamera, na kamera ina mita. Hii ni njia ninayoipenda kwa sababu haina gharama. Weka ISO 100 na tundu la lenzi f/4. Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini nzima, sogeza kamera mpaka nyeupe ijaze fremu, usome kasi ya shata inayopendekezwa na mita. Zidisha namba ya chini ya sehemu hiyo kwa 2, unapata makadirio ya ung'avu kwa kandela kwa mita ya mraba. Hesabu inatokana na fomula ileile ambayo mita nyingi za kamera zimejengwa juu yake, ikitumia namba isiyobadilika ya 12.5. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kukuonyesha uko mtaa gani.

Skrini ya shemeji ilisoma 1/160: kandela 320. Kisha tukaweka karatasi nyeupe ya picha mezani, pale pale anapozitazamia picha zikitoka, tukaipima vilevile. Ikasoma 1/15: kandela 30. Nyeupe ya skrini ilikuwa na mwanga zaidi ya mara kumi ya nyeupe ya karatasi, na mwanamke wa watu alikuwa analinganisha viwili hivyo kwa macho kila usiku na kujilaumu.

Kwa kazi ya kuchapa, wanaojali rangi huiweka skrini kati ya kandela 80 na 120. Tukashusha ung'avu mpaka kamera ikasoma 1/50, yaani 100. Tukaondoa hali ya kukoleza tukaweka ya sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi za skrini, na nyeupe kwenye kelvini 6500. Halafu tukafanya nusu ya pili ya kazi, ambayo wengi huisahau: kuinua mwanga wa karatasi. Taa ya mezani yenye balbu nyeupe ilitupatia 1/40, kandela 80. Sasa viwili vilikuwa vinaweza kuzungumza.

"Shemeji, mbona skrini imekuwa giza hivi? Nitaumia macho." Nilimwambia tunywe chai kwanza. Jicho linahitaji dakika chache kuzoea. Tuliporudi akafungua picha ya bibi harusi, ileile aliyoichapa akaisifu wiki mbili nyuma, na kwenye skrini uso ulikuwa giza kama ulivyokuwa kwenye karatasi. Hakusema kitu. Alivuta kiti akaanza kuufungua uso kwa utaratibu, mashavu kwanza, halafu macho, na hina ikajitokeza mstari kwa mstari. Ilipochapwa ilitoka karibu sawa na alivyoiona.

Marundo mawili

Kulikuwa na jambo moja lililokuwa linanikera: katika zile picha 12, tano zilikuwa na ubuluu na saba hazina. Printa ikiwa na kosa, huwa na kosa kwa wote. Nikamwomba azigawe marundo mawili, kisha aangalie kwenye kompyuta kila moja ilihifadhiwa saa ngapi. Zile tano zote zilihifadhiwa baada ya saa tatu usiku.

Windows ina kipengele cha kupunguza mwanga wa bluu jioni, ili mtu asikose usingizi. Laptopu ya shemeji ilikuwa imewekewa kianze chenyewe jua linapozama. Yeye anarekebisha picha watoto wakishalala. Skrini inageuka ya manjano taratibu, jicho halishtuki, naye anaona picha ni ya njano anaongeza bluu. Asubuhi inatoka kwenye karatasi ubuluu wote ule aliouongeza. Tukakizima kabisa kwenye kompyuta ya kazi. Kwa usingizi wake, nilimshauri afunge kompyuta mapema. Ushauri huo sijui kama aliushika.

Wino na profaili

Sasa nirudi kwenye lile doa la kijani na nyekundu iliyoegemea chungwa.

Monita inachanganya mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Printa inaweka rangi zinazozuia mwanga: saiani, majenta, njano. Hazina lugha moja, na kila kifaa kina lafudhi yake. Ndiyo sababu mwaka 1993 kampuni kadhaa za kompyuta na picha ziliunda International Color Consortium na kukubaliana juu ya faili dogo la kufanya kazi ya mkalimani: profaili. Inasema, kwa kifaa hiki, namba hizi zinazaa rangi hii hasa kama jicho la mtu linavyoiona. sRGB yenyewe, ambayo kamera na simu nyingi huitumia, ilipendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999.

Profaili inayokuja na draiva imetengenezwa kwa wino wa mtengenezaji kwenye karatasi ya mtengenezaji. Wino wa chupa ya bei nafuu ni kemikali nyingine. Unaweza kutoa picha nzuri, nimeona kwa macho yangu, ila ile ramani si yake. Majenta yake ina wekundu wake, nyeusi yake ina ukijani wake. Kwa shemeji, hapo ndipo wekundu wa kisutu ulipomalizikia.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kurudi kwenye wino na karatasi za mtengenezaji, kutumia profaili zao, na kupandisha bei ya picha kidogo. Kwa anayeanza, mimi ningeshika hiyo, maana inaondoa mashaka kwa siku moja. Ya pili ni kutengeneza profaili ya wino na karatasi alizonazo. Shemeji alikuwa ameshanunua chupa za miezi minne, basi tukaifuata ya pili. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alinikopesha ColorMunki Photo, kifaa cha zamani kidogo chenye uwezo wa kupima skrini na karatasi pia. Programu tuliyotumia ni ArgyllCMS, ya bure, ikiendeshwa kwa amri za kuandika, inataka subira.

Tulichapa karatasi za vipande vya rangi, urekebishaji wote umezimwa, tukaziacha zikauke mpaka kesho yake. Kukauka kunahesabika. Wino wa aina hii hubadilika rangi kidogo katika saa za kwanza, na ukipima mapema unaipa profaili habari za rangi ambayo haitakuwepo kesho. Jumapili tukapima, kifaa kikipita juu ya kila safu, shemeji akisoma safu na mimi nikivuta. Skrini nayo tukaipima. Ilithibitisha kwamba mita ya kamera haikuwa mbali, kandela 104.

Shahidi ilipochapwa kwa profaili mpya, kijivu kikawa kijivu. Niliikata ngazi ya kijivu kwa mkasi nikaiweka juu ya picha ya zamani yenye doa, na shemeji akaona kwa mara ya kwanza kwamba ile ya zamani ilikuwa ya kijani. Kabla ya hapo hakuweza kuiona. Jicho linazoea haraka mno, na linahitaji jirani wa kulinganisha naye.

Profaili hiyo ni ya wino huu, karatasi hii, na chaguo hili la karatasi kwenye draiva. Akibadilisha kimojawapo, imekwisha. Nilimwandikia hivyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa printa.

Kisutu chenyewe mezani

Mteja alikuwa amekubali kuleta kisutu kilekile. Tulikiweka sambamba na picha karibu na dirisha, pasipopigwa na jua moja kwa moja, na wekundu ukakaa na wekundu. Tukahamia chini ya balbu ya njano ya dari: kanga ikaonekana ina damu zaidi, picha ikaelekea chungwa. Hakuna aliyekosea hapo. Rangi ya kitambaa na wino wa printa ni vitu viwili tofauti vinavyoweza kukubaliana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Karatasi nayo ina mchezo wake: nyingi zimetiwa kemikali ya kung'arisha inayowaka kwa mionzi ya jua isiyoonekana, kwa hiyo dirishani nyeupe yake ina ubuluu, chini ya balbu za LED inarudi kuwa ya maziwa.

Ndiyo maana viwanda vya uchapaji vina kiwango cha taa ya kukagulia, ISO 3664, chenye mwanga unaoitwa D50. Kwa ukaguzi wa kawaida kinataka laksi 500, kwa kulinganisha kwa makini laksi 2000. Nyumbani hatuhitaji sanduku la taa la bei kubwa. Tunahitaji mahali pamoja, siku zote palepale, na kumwambia mteja aitazame picha hapo kabla ya kuondoka nayo.

Simu ya mteja ilikuwa jambo la peke yake. Yeye hakulinganisha picha na kanga siku ile aliyoirudisha. Aliilinganisha na simu iliyo kwenye ung'avu wa juu, yenye skrini inayokoleza rangi, na picha iliyofika kwa WhatsApp. Sikumlaumu, kwa sababu kwake simu ndiyo picha. Dawa niliyompa shemeji ni kuchapa moja ndogo ya sentimita 10 kwa 15 kabla ya kazi yote, mteja aishike mkononi, akubali au akatae hapo. Karatasi moja ni nafuu kuliko kumi na mbili.

Mlango wa Pangani

Uso ulikubali, kisutu kikakubali, hina ikakubali. Mlango haukukubali, na hautakubali.

Bluu iliyokolea ya skrini inatokana na taa ya bluu yenyewe ikiwaka. Kwenye karatasi inabidi itengenezwe kwa saiani na majenta zikilala moja juu ya nyingine, na mchanganyiko huo hautoi bluu safi yenye mwanga. Unatoa iliyo nyeusi zaidi na yenye zambarau ndani yake. Nje ya uwezo wa wino hakuna profaili inayofika. Kinachowezekana ni kuchagua namna ya kushindwa.

Photoshop inakuonyesha kabla ya kuchapa, ukiiomba ionyeshe picha kwa macho ya printa: mlango wote ulibadilika mbele yetu. Njia ya kwanza inaacha rangi zote zinazochapika kama zilivyo na kuzikata zinazozidi. Uso ulibaki kamili, ila mlango ukawa bapa, nyuzi za mbao zimepotea, kana kwamba umepakwa rangi jana. Njia ya pili inazibana rangi zote kidogo ili zilizozidi zipate nafasi. Nyuzi zikarudi, uso ukapoa kiasi.

Shemeji alikaa na hilo muda mrefu kuliko mimi ningekaa. Mwishowe aliuchagua uso, akaushika mlango peke yake, akapunguza ukolevu wa bluu mpaka nyuzi za mbao zikaonekana, akauvuta mbali kidogo na zambarau. Mlango kwenye karatasi si mlango wa kwenye skrini. Ni mlango wa bluu wa Pangani uliotazamwa kwenye kivuli, na nakiri ulinipendeza.

Zote 12 zilichapwa upya Jumatatu. Tangu picha ya kwanza ya shahidi tulikuwa tumetumia karatasi 11 za majaribio. Mteja alizipokea dirishani, kisutu begani, akauliza kama anaweza kuongezewa mbili za mama mzazi.

Nilimwachia shemeji bahasha yenye ile shahidi iliyotoka sawa, isitolewe ila siku ya kupima, na agizo la kuchapa nyingine kila Jumatatu kabla ya kazi na kuiweka pembeni yake. Jumatatu ya tatu alinitumia ujumbe: "Shemeji, kijivu kimeanza kuelekea kijani." Nilikuwa bado naandika jibu ukaingia mwingine. Umeme ulikatika Jumamosi printa ikiwa katikati ya kazi. Alikuwa ameshachapa karatasi ya nozeli, majenta hafifu ina pengo moja, na hedi alikuwa ameshaianzisha kusafisha.